Usimfungie ndani: hatari ya kumwachisha pombe ghafla mnywaji wa kila siku

Swali: "Daktari, shikamoo. Mume wangu ana miaka 44, ni fundi uashi, tunaishi Moshi vijijini na watoto watatu. Alianza na mbege kama watu wengi wa huku, sasa ni gongo na konyagi kila siku ya Mungu. Asubuhi mikono inatetemeka, hata kikombe cha chai hakishiki mpaka azimue. Mwaka jana mama mkwe alimkalisha kwake ili aache. Siku ya pili akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka, akauma ulimi. Watu wakasema ametupiwa jini. Akarudi kunywa, hali ikatulia. Sasa kaka zake wamekubaliana wamfungie chumbani siku saba apate akili. Wifi yangu naye ameleta unga wa kutia kwenye chai bila yeye kujua, anasema akionja pombe atatapika mpaka aichukie. Nimechoka, hata madeni ya kilabuni nadaiwa mimi, lakini moyo unakataa. Nikubali?"

Marahaba, dada yangu. Jibu langu ni hapana kwa yote mawili, chumba na unga. Nitaeleza kwa kirefu, maana shemeji zako hawataliacha wazo lao kwa neno moja, na pengine itakubidi uwasomee haya.

Nianze na lile anguko la mwaka jana, kwa sababu ndilo linaloamua yote yanayofuata. Kwa jinsi ulivyolieleza, halikuwa jini. Linafanana kabisa na kifafa kinacholetwa na pombe kukatika ghafla, ambacho huja kati ya saa 6 na saa 48 tangu mtu alipokunywa mara ya mwisho. Siku ya pili, kama ulivyosema. Alipokunywa tena akatulia, na hapo ndipo watu huamini kwamba jini limeridhika. Ukweli ni kwamba ubongo ulirudishiwa kitu ulichokuwa umekizoea.

Ubongo una nguvu mbili zinazovutana, kama breki na mafuta kwenye gari. Kemikali iitwayo gaba hupunguza kasi, nyingine iitwayo glutameti huongeza. Pombe huisaidia gaba na kuibana glutameti, ndiyo maana glasi ya kwanza humlegeza mtu. Lakini ubongo hauwezi kuishi na breki iliyokanyagwa usiku na mchana. Baada ya miezi na miaka ya kunywa kila siku hujirekebisha: breki zake zinakuwa butu, mafuta yanaongezwa, ili mtu aweze kutembea na kupanga tofali huku pombe imo mwilini. Wenzake humsifu kwamba ana kichwa kigumu, anakunywa halewi. Hiyo si sifa, ni dalili kwamba mwili umekwisha kujipanga upya kuizunguka pombe.

Sasa iondoe pombe kwa siku moja. Breki ni butu, na mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Katika saa 6 hadi 24 za mwanzo mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu kinakuja, usingizi unapotea. Ile asubuhi ambayo hashiki kikombe ni mwanzo wa safari hiyohiyo, kwa kuwa alipolala pombe ilikuwa inashuka. Anapozimua hafanyi ulafi. Anazima moto kwa mafuta ya taa, ni kweli, lakini moto wenyewe upo.

Kuna hatua mbaya kuliko kifafa. Kati ya saa 48 na 96, yaani siku ya pili mpaka ya nne, baadhi ya watu huweweseka macho yakiwa wazi. Anaona wadudu ukutani, anazungumza na watu wasiokuwepo, hajui yuko wapi wala ni siku gani, mwili unachemka, presha na mapigo ya moyo vinapanda. Madaktari huiita deliriamu tremensi. Zamani, kabla ya dawa za sasa, ilikuwa ikiua hata mtu mmoja kati ya watatu walioipata. Kwa matibabu mazuri ya wodini, wanaokufa ni chini ya 5 kati ya 100.

Uangalie basi mpango wa shemeji zako. Mlango umefungwa kwa nje siku saba. Siku ya pili, ya tatu na ya nne zote zimo ndani ya chumba hicho. Akianza kupiga kelele kwamba kuna nyoka kitandani, walioko nje watasema ni hasira za pombe, mwacheni, zitaisha. Wanampenda ndugu yao, sina shaka, na wanaweza kumuua kwa upendo huo. Tena kila mara pombe inapokatishwa ghafla bila dawa, ubongo hubaki mwepesi zaidi kushtuka mara inayofuata. Aliyekwisha kuanguka kifafa mara moja yuko karibu zaidi na kifafa cha pili, na karibu zaidi na kuweweseka. Mtu wa namna hii aachishwe pombe akiwa amelazwa hospitali.

Kuhusu unga. Ini huivunja pombe kwa hatua mbili: kwanza inakuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, kisha sumu hiyo inageuzwa kuwa kitu cha jamii ya siki kisichodhuru. Ipo dawa halali ya hospitali, disalfiramu, inayoziba hatua ya pili. Anayeitumia akinywa, sumu inajaa mwilini: uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakimbia, anatapika, presha inaweza kuporomoka mpaka azimie. Dawa hiyo hupewa mtu anayejua anachomeza, aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, na aliyekaa bila pombe kwa angalau saa 12. Nguvu yake inaweza kubaki mwilini hadi wiki mbili baada ya dozi ya mwisho. Mume wako hana hata saa 12 bila pombe. Ukimtilia kwenye chai ya asubuhi, naye ameshazimua, unaweza kumwangusha mezani mbele ya watoto. Na kama unga wa wifi yako si disalfiramu bali ni mizizi iliyosagwa, hakuna anayejua ni kipimo gani na inafanya nini kwenye ini lililochoka. Zaidi ya yote, siku atakapogundua, hatakula tena chakula cha mkono wako, na utahitaji imani hiyo sana miezi ijayo. Mrudishie wifi mzigo wake kwa upole.

Najua kinachofuata kitakushangaza: wiki hii usimnyang'anye pombe. Usimwage, usiifiche, usimwekee masharti ya kuacha kesho. Lengo la kwanza ni kumfikisha kwa daktari akiwa hai na akiwa na taarifa sahihi, kwa hiyo chukua daftari la watoto uandike kwa siku tatu au nne: anakunywa nini, kiasi gani, ya kwanza saa ngapi na ya mwisho saa ngapi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Konyagi ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina gramu 55, karibu sawa na bia tatu. Mwili huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, na hakuna kahawa, maziwa wala maji baridi yanayoharakisha. Gongo huwezi kuipigia hesabu kwa sababu nguvu yake hubadilika kutoka pipa hadi pipa. Andika tu ni glasi ngapi na ukubwa wa glasi.

Kuzungumza naye kuna saa yake. Usiku akiwa amelewa ni kupoteza maneno, na alfajiri anapotetemeka hasikii chochote ila mwili wake. Subiri asubuhi baada ya ile ya kwanza, mikono imetulia, kichwa bado hakijajaa. Usiite baraza la ukoo. Mwambie mkiwa wawili: "Baba watoto, sikuambii uache leo. Lile anguko la mwaka jana lilikuwa la kukosa pombe, na nimeambiwa lina dawa. Naogopa likija tena tutakuzika. Twende wote hospitali, nitakuwa nawe." Wanaume wengi walio katika hali hii hawaogopi kuacha pombe kama wanavyoogopa ule mtetemeko. Akisikia kwamba mtetemeko una dawa, mlango unaweza kufunguka kidogo. Akikataa, acha, rudia wiki ijayo. Neno la kwanza si kawaida kuzaa matunda.

Nendeni hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Kwenu huko iko hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Moshi, na iko KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya kanda. Walio mbali nanyi wana Muhimbili, wana Mirembe kule Dodoma, na msomaji aliye Kenya anaweza kupiga 1192 ya NACADA, mamlaka ya nchi hiyo ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bila malipo. Zahanati ya kijiji itawaandikia barua ya rufaa, lakini isiwe mahali pa kumwachishia pombe. Fedha zikiwa shida, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjakata tamaa. Kazi yao mojawapo ni kuangalia nani apewe msamaha wa gharama.

Huko watampima sukari, chumvichumvi za damu na ini, na watatafuta malaria na maambukizi mengine, kwa kuwa mlevi mwenye homa na maruweruwe anaweza kuwa na malaria kali au homa ya uti wa mgongo, si pombe peke yake. Kisha atapewa dawa ya jamii ya diazepamu, inayoshika ile breki mahali pa pombe. Dozi huanza kubwa na kupunguzwa siku hadi siku, mara nyingi kwa siku 5 hadi 7. Tafadhali, mtu asishawishike kununua diazepamu dukani akampa nyumbani huku bado anakunywa. Ikikutana na pombe inaweza kuzima pumzi usingizini.

Kuna jambo moja dogo linalosahaulika na ambalo wewe unaweza kulisimamia. Mnywaji wa kila siku huwa amepungukiwa thiamini, yaani vitamini B1, kwa sababu hali chakula vizuri na pombe huzuia utumbo kuinyonya. Ubongo unaitumia kuunguza sukari. Mtu kama huyo akitundikiwa dripu ya glukosi bila thiamini, kile kidogo kilichobaki huisha, na anaweza kupata madhara ya ubongo: macho yanachezacheza, anayumba ingawa hajanywa, anachanganyikiwa, na baadaye kumbukumbu inaweza kupotea moja kwa moja. Popote atakapotundikiwa dripu, hata kama amepelekwa kwa malaria, sema kwa sauti: "Huyu anakunywa kila siku, amepewa thiamini?" Itangulie au iende pamoja na sukari, kwa sindano siku za mwanzo. Nyumbani, maharage, karanga na ugali wa dona vinasaidia, ila kwa hali yake chakula pekee hakitatosha.

Vipi kama atakataa kulazwa kabisa, lakini anakubali kupunguza? Si njia ninayoipenda kwa mtu aliyewahi kuanguka kifafa, ila ni bora mara mia kuliko chumba. Kwanza aondoke kwenye gongo, ahamie kinywaji chenye asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, kwa kiasi kinacholingana. Kisha apunguze sehemu moja ya kumi, si zaidi, kila baada ya siku nne. Kama ni sawa na bia kumi kwa siku, zinakuwa tisa kwa siku nne, halafu nane. Mtetemeko au jasho vikirudi, abaki pale alipo siku chache zaidi. Mtaalamu wa afya amwone kila wiki, na thiamini ya vidonge iendelee.

Gongo naitaja tena kwa sababu nyingine. Wapishi au wauzaji wasio na huruma huiongezea methanoli, pombe ya viwandani ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Kenya imezika watu kwa njia hii zaidi ya mara moja, mwaka 2014 katika kaunti kadhaa kwa mpigo, na Februari 2024 huko Kirinyaga. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24: kuona ukungu au weupe, maumivu makali ya tumbo, kuhema haraka. Akisema haoni vizuri baada ya kunywa, usimpe maziwa usubiri. Ni hospitali usiku huohuo, maana dawa yake ipo na kila saa inahesabika.

Sasa niseme wazi juu ya baada ya wodi, nisije nikakuuzia matumaini ya bei rahisi. Siku 7 za hospitali zinaondoa pombe mwilini, haziondoi uraibu. Wengi huonja tena angalau mara moja ndani ya mwaka wa kwanza. Akionja, si kwamba yote yamekuwa bure, ni sababu ya kurudi kliniki mapema. Ujue pia kwamba baada ya wiki kadhaa bila pombe uvumilivu wake unakuwa umeshuka, na akirudia kiasi kilekile cha zamani kwa mara moja anaweza kuzimika asiamke. Zipo dawa za kupunguza kiu ya pombe, naltreksoni na akamprosati, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Hazipo kila duka, lakini mwulize daktari. Naltreksoni isitumiwe na mtu anayemeza tramado, dawa kali ya maumivu, na wapo mafundi wanaoitumia kwa maumivu ya mgongo, kwa hiyo asifiche.

Nyumba za upataji nafuu (sober house), yaani makazi ya watu wanaoacha ulevi, huwasaidia baadhi ya watu, hasa wasio na nyumba tulivu ya kurudi. Kabla hujalipa, uliza ni nani mwenye taaluma ya tiba anayelala pale usiku, na wanafanya nini mtu akianguka kifafa. Ukiona minyororo, au wakikuambia kipigo ni sehemu ya tiba, ondoka naye. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambamo watu wanaopambana na ulevi hukutana bure na kusemezana ukweli, vipo katika miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi. Kuna walioshikwa mkono kanisani au msikitini pia, na sina neno baya juu ya sala. Ninachopinga ni kumwambia mgonjwa atupe dawa ili kuthibitisha imani.

Nije kwako, kwa sababu barua yako imesema "nimechoka" na sitaki neno hilo lipite. Hukumsababishia ulevi huu kwa kununa wala kwa kuuliza fedha ya chakula. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, pombe ilihusika na vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019, na karibu milioni 2 kati ya hao walikuwa wanaume. Nyuma ya wengi wao kuna mke, mama au mtoto aliyejilaumu kama wewe. Madeni ya kilabuni si yako. Ukiyalipa, mwenye kilabu anajua kwamba kumkopesha mume wako hakuna hasara. Mwambie muuzaji mbele ya shahidi kwamba kuanzia leo hutalipa, kisha simamia neno lako. Vivyo hivyo kumpigia bosi wake simu kwamba ana malaria. Mpikie, mfulie, mpeleke hospitali, huo ni msaada. Uongo na madeni vinampa nafasi ya kuendelea bila kuona gharama. Hisa zako za vikoba weka kwa jina lako na mahali asipopafikia.

Watoto wasitumwe kununua pombe, hata chupa moja. Waambie kwa maneno mepesi: baba anaumwa ugonjwa wa pombe, si kosa lenu, na mkiogopa usiku nendeni kwa fulani, mtaje jirani au shangazi mliyekubaliana naye. Mtoto anayejua pa kukimbilia hulala vizuri zaidi kuliko anayedanganywa kwamba hakuna tatizo. Kama kuna kupigwa, na hukusema, basi utaratibu wangu wote unabadilika: usalama wenu unatangulia tiba yake. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, na namba 116 hupokea simu za watoto bila malipo.

Kuanzia leo mpaka siku ya safari, usingoje miadi ukiona kifafa, kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, homa, macho ya manjano, kutapika damu, au choo cheusi kama lami. Akianguka kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, angalia saa. Usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, usimnusishe kiatu wala kitunguu. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajapata fahamu, tafuteni gari lolote.

Na asubuhi mtakayokwenda hospitali, mwache anywe ile ya kwanza kama kawaida yake, kiasi cha kutuliza mikono tu. Watu wengi huona aibu kumpeleka mgonjwa ananuka pombe, wakamzuia tangu jana yake, akaanguka ndani ya daladala. Beba daftari lako, barua ya rufaa, vidonge vyote anavyotumia, na mtu mmoja mwenye nguvu wa kuwasindikiza, shemeji mmoja kati ya wale waliotaka kumfungia. Mkifika, mtajie muuguzi saa kamili aliyokunywa mara ya mwisho, na mwambie neno kwa neno kwamba mwaka jana alipokatishwa alianguka kifafa siku ya pili.